Unga wa ubuyu nyumbani: kupasua, kuchekecha, kuhifadhi na kuutumia bila kuupotezea nguvu

Kila msimu wa ubuyu maswali ni yaleyale. Je, uchemshwe? Mbona unga wangu umeganda kama jiwe? Ni kweli unashusha sukari? Na yale mafuta yanayouzwa kwenye vichupa, yananywewa au yanapakwa? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo, kuanzia buyu likiwa bado na ganda lake hadi glasi iliyo mezani.

Shika jambo moja kabla ya yote. Ubuyu ni tunda linalojikaushia lenyewe ndani ya ganda, likiwa bado juu ya mti. Unapolipasua, kazi ya kuukausha imeshafanyika. Yako ni kutoiharibu. Maadui wa unga huu ni watatu: unyevu, moto, na mbegu iliyopondwa. Hatua nyingi utakazosoma hapa zimewekwa kwa ajili ya mmoja wao.

Kilichomo, kwa ufupi

Gramu 100 za unga wa ubuyu huwa na vitamini C ya miligramu 150 hadi 500, kutegemea mti, eneo na umri wa unga. Chungwa lina kama miligramu 50 kwa uzito huohuo. Hapo ndipo wauzaji wengi hukomea, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika, kwa sababu hakuna anayekula gramu 100 za unga wa ubuyu kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa ni kama gramu 10. Kwa unga wa wastani hiyo ni miligramu 30 hivi za vitamini C, ilhali mtu mzima anahitaji angalau 45 kwa siku kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Vijiko viwili, basi, vinatosha kwa siku nzima. Ni kitu kikubwa kwa kaya ya Mpwapwa au Kitui wakati wa kiangazi, matunda mengine yanapokuwa haba.

Kinachosahauliwa ni nyuzinyuzi. Karibu nusu ya uzito wa unga huu ni nyuzinyuzi, na sehemu yake kubwa ni zile zinazoyeyuka majini, ndiyo maana juisi ya ubuyu huwa nzito. Kijiko kimoja kinakupa gramu 4 hadi 5, na mtu mzima anahitaji 25 au zaidi kwa siku. Kalsiamu ipo pia, kama miligramu 300 kwa gramu 100, lakini kwa kijiko kimoja ni 30 tu. Usiache maziwa au dagaa kwa sababu umepata ubuyu.

Andaa hivi kwanza

- Mabuyu 10 ya ukubwa wa wastani. Utapata kati ya gramu 350 na 500 za unga safi. Usishangae kuona ni kidogo: ganda peke yake ni karibu nusu ya uzito wa buyu, na mbegu zinachukua sehemu kubwa ya kinachobaki.
- Nyundo, au jiwe safi, na gunia la kupasulia juu yake.
- Beseni mbili za plastiki au za chuma kisichoshika kutu. Usitumie chombo cha shaba wala chekeche lenye kutu. Ubuyu ni mchachu sana, hula madini hayo, na shaba na chuma huharibu vitamini C haraka.
- Kinu na mchi wa mbao, vikiwa vikavu kabisa. Kinu kilichotoka kutwanga kitunguu saumu hakifai, unga utabeba harufu.
- Machekeche mawili: moja la matundu makubwa kiasi, kama la kuchekechea chenga za mahindi, na jingine laini la unga wa ngano.
- Chupa au makopo ya kioo yenye vifuniko vya kukaza, yaliyooshwa siku iliyotangulia ili yakauke kabisa.
- Barakoa au kitambaa cha kufunika pua. Vumbi la ubuyu ni jepesi sana na linakera kifua. Mwenye pumu asichekeche.
- Siku kavu. Kama ni masika, au uko pwani na hewa ni nzito, fanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, umande ukiwa umekwisha.

Hatua za kazi

1. Chagua buyu. Litikise karibu na sikio. Buyu lililokomaa na kukauka hulia: mbegu zinagongana ndani. Likiwa kimya na zito, bado halijakauka, au limeingia maji. Ligeuze ulikague lote, hasa kwenye kikonyo. Ufa, tundu la mdudu au doa jeusi lenye ubichi ni sababu ya kuliacha. Mabuyu yaliyoanguka yenyewe yanafaa kama hayajalala chini kwa muda mrefu na hayajanyeshewa. Yaliyookotwa baada ya mvua yaache, hata kama ganda linaonekana zima. Ukungu huanzia kwenye nyufa ambazo jicho halizioni.

2. Safisha ganda kabla ya kulipasua. Ganda lina manyoya laini kama ya mahameli. Yanawasha ngozi, na yakiingia kwenye unga hayatoki tena. Yafute kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha anika mabuyu juani kwa saa moja au mbili yakauke. Usiyaloweke. Wengi huruka hatua hii kwa kudhani ganda linatupwa tu, halafu wanalalamika kwamba juisi inawasha kooni.

3. Pasua kwa pigo moja au mawili katikati. Lengo ni ufa wa kuzunguka, kisha ulifungue kwa mikono. Ukiliponda, vipande vya ganda vitachanganyika na ubuyu, na ni vigumu kama kokoto. Kuna jino litakalovunjika siku moja.

4. Kagua ndani, buyu moja baada ya jingine. Ubuyu mzuri ni mweupe, wa rangi ya maziwa, au wenye wekundu hafifu karibu na nyuzi. Unavunjika kama chaki na harufu yake ni ya uchachu safi. Ukiona kijivu, kijani, weusi wa ungaunga, au ukisikia harufu ya chumba kilichofungwa, tupa buyu lote. Usikate sehemu mbaya ukabakiza nyingine, maana sumu ya ukungu haionekani na haiondoki kwa kuchemsha. Rangi ya kahawia inayonata ni buyu lililopata joto au unyevu: haliui mtu, lakini ladha na vitamini vimeshaondoka. Usimimine buyu jipya kwenye beseni kabla hujalikagua, kwa sababu moja bovu linatosha kuharibu tisa.

5. Toa nyuzi nyekundu. Zivute kwa mkono na kuziweka kando. Wapo wanaozichemsha kama chai, lakini hazifai kwenye unga kwa kuwa hukatikakatika na kupita kwenye chekeche.

6. Hakikisha ubuyu ni mkavu. Chukua vipande vichache uvibonyeze. Vikivunjika kwa sauti, endelea. Vikinata au vikibonyea, tandaza ubuyu wote kwenye sinia au mkeka safi, unene usiozidi sentimita mbili, kivulini penye upepo, uufunike kwa chandarua au kitambaa chepesi. Siku moja au mbili zinatosha. Jua kali la siku nzima hugeuza rangi na kula vitamini C. Usiku uingize ndani, kwa kuwa ubuyu hunyonya umande kama chumvi.

7. Twanga kwa mkono mwepesi. Jaza kinu robo tu. Mchi uinuke kidogo na kushuka kwa uzito wake wenyewe, bila nguvu ya bega. Unachotaka ni unga uachane na mbegu, na mbegu zibaki nzima. Hapa ndipo unga wa wengi huharibika. Mbegu ya ubuyu ina mafuta. Ikipasuka, mafuta yake huingia kwenye unga, na baada ya wiki chache unga unakuwa mchungu na kunuka kama karanga za zamani. Ukisikia mchi unagonga kitu kigumu na kutoa mlio mkavu, simama, toa kilichomo ukichekeche, kisha urudishe kilichobaki.

   Blenda je? Ukiweka ubuyu wenye mbegu na kuiacha izunguke, umeponda mbegu. Huna kinu? Weka ubuyu kwenye mfuko mgumu wa kitambaa, ufunge mdomo, uupigepige juu ya meza na kuusugua kwa viganja. Utachelewa, lakini unga utakuwa safi kuliko wa blenda.

8. Chekecha mara mbili. Kwanza kwa chekeche kubwa, kutenga mbegu na mabaki ya nyuzi. Kisha kwa chekeche laini. Usisugue unga kwa kijiko ili upite, utalazimisha manyoya na chenga vipite nao. Gonga ukingo wa chekeche kwa kiganja. Kinachobaki juu ya chekeche laini rudisha kwenye kinu mara moja tu. Ukirudia mara ya tatu unapata chenga tu.

   Mbegu zilizobaki bado zina unga ulioganda juu yake. Usizitupe, ni za juisi ya siku hiyohiyo. Maelezo yapo mbele.

9. Pima unyevu wa mwisho. Kamata unga kiganjani, ufinye, ufungue. Ukimwagika, uko tayari. Ukibaki bonge lenye alama za vidole, utandaze tena kivulini nusu siku.

10. Fungasha siku hiyohiyo. Jaza chupa hadi karibu na mdomo ili hewa ibaki kidogo, kaza kifuniko, andika tarehe na mahali buyu lilipotoka. Weka kabatini, mbali na jiko na dirisha. Chupa ndogo tatu ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu kila unapofungua unaingiza unyevu. Tumia ndani ya miezi sita. Unga wa mwaka mzima bado utakuwa mchachu, na ndiyo maana watu hawashtuki. Uchachu unabaki lakini vitamini C imekuwa ikipungua siku zote hizo.

    Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu. Kijiko kimoja chenye tone la maji kinatosha kuanzisha mabonge.

Kuutumia

*Juisi ya unga, lita moja.* Weka vijiko 3 vya chakula vilivyojaa kwenye bakuli. Ongeza maji ya uvuguvugu nusu kikombe, ukoroge hadi upate uji mzito usio na mabonge. Ukimwaga unga kwenye maji mengi moja kwa moja, utaelea na kufanya vidonge ambavyo havivunjiki tena. Acha dakika 10 unga unyonye maji. Malizia na maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita moja, koroga, onja. Sukari vijiko 2 vya chakula vinatosha kwa wengi. Mazoea ya vijiko 6 yanageuza kinywaji kizuri kuwa soda. Kama unga ulichekechwa vizuri, huna haja ya kuchuja, na usichuje kama unatafuta nyuzinyuzi. Ukitaka kubadilisha ladha, ongeza tangawizi, hiliki, au tui jepesi la nazi.

*Juisi ya mbegu.* Gramu 250 za mbegu zenye ubuyu, lita 2 za maji yaliyochemshwa na kubaki na uvuguvugu. Loweka saa moja, sugua kwa mikono safi, chuja. Usizichemshe. Kuchemsha dakika 20, kama wanavyofanya wengi, kunatoa juisi nzito yenye rangi nzuri, lakini kunaunguza vitamini C uliyoifuata. Kama huna imani na usafi wa ubuyu ulionunua gengeni, dawa ni kununua mabuyu mazima upasue mwenyewe.

Juisi zote mbili hukaa kwenye jokofu siku mbili, tatu mwisho. Bila jokofu, inywewe siku hiyohiyo. Usiihifadhi kwenye sufuria ya alumini, hata kwa usiku mmoja.

*Uji.* Ipua kwanza. Subiri hadi uweze kuuonja bila kuungua ulimi, ndipo uweke kijiko kimoja cha ubuyu kwa kila bakuli. Ni mbadala mzuri wa ndimu au ukwaju. Uji wa ulezi na ubuyu ni mchanganyiko wenye akili ndani yake: ulezi una madini chuma ambayo mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C huyafungulia njia. Ndivyo ilivyo pia kwa maharage, kunde na mchicha. Glasi ya ubuyu pamoja na mlo huo inafaa kuliko glasi iyo hiyo saa tatu baadaye. Chai ya rangi hufanya kinyume, inazuia madini chuma, kwa hiyo isogeze mbali na mlo.

*Maziwa.* Maziwa moto na ubuyu hukatika papo hapo, kwa sababu ya uchachu. Changanya na mtindi, au na maziwa baridi ukiongeza unga kidogo kidogo huku unakoroga, na unywe bila kuchelewa.

*Ubuyu wa kupaka, ule wa Zanzibar na Mombasa.* Ubuyu wa mbegu kilo 1, sukari gramu 600, maji mililita 300, hiliki ya unga kijiko kimoja cha chai, pilipili ya unga nusu kijiko, chumvi kidogo, na rangi ya chakula kwa kipimo cha pakiti. Chemsha sukari na maji hadi shira inate ukiigusa kati ya vidole viwili, tia viungo na rangi, ipua, mimina ubuyu na ugeuzegeuze haraka hadi kila mbegu ipate. Tandaza ukauke. Shira ikiwa nyepesi, unga wote unayeyuka na kuacha mbegu tupu. Hii ni pipi. Ni tamu na ni yetu, ila usimpe mtoto ukidhani umempa vitamini. Rangi inunuliwe ya chakula, yenye lebo, kamwe isiwe ile ya kupaka ukili.

Tiba: kinachoshikika na kisichoshikika

Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, waliwapa watu wazima wenye afya kinywaji cha ubuyu pamoja na mkate mweupe. Vipimo vilikuwa gramu 18.5 na gramu 37 ndani ya mililita 250 za maji. Sukari ya damu ilipanda kwa kiasi pungufu kuliko kwa mkate peke yake. Ni habari njema, na inaeleweka: nyuzinyuzi na kemikali za uchachu na ukakasi wa tunda hili huchelewesha kumeng'enywa kwa wanga. Lakini washiriki walikuwa wachache, wazima, na walipimwa kwa mlo mmoja. Hiyo si tiba ya kisukari. Mwenye kisukari anaweza kunywa ubuyu usio na sukari pamoja na mlo wake, akiendelea na dawa na vipimo vyake kama alivyoelekezwa. Anayeacha dawa kwa ajili ya ubuyu anajiweka hatarini.

Kuhara: ubuyu umetumika sehemu nyingi za Afrika kuzuia tumbo la kuendesha, na mtu mzima mwenye tumbo jepesi hatadhurika akinywa glasi. Mtoto anayehara anahitaji ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na zinki kwanza. Ubuyu haujabeba chumvi anayoipoteza.

Kiasi cha kila siku kwa mtu mzima ni kijiko 1 hadi 2 vya chakula. Anza na kimoja cha chai kwa siku tatu, uzoeze tumbo, na ongeza maji ya kunywa. Mtoto mchanga asipewe chochote zaidi ya maziwa ya mama hadi afikishe miezi 6. Baada ya hapo robo kijiko cha chai kwenye uji inatosha. Mbegu, hata zile zenye sukari, zisimfikie mtoto chini ya miaka 5. Ni ndogo, ni za mviringo, zinateleza, na zinakaba.

Wanaotakiwa kuuliza daktari kwanza ni wagonjwa wa figo, kwa kuwa unga huu una potasiamu nyingi. Anayemeza dawa za kila siku aache saa moja au mbili kati ya dawa na ubuyu, maana nyuzinyuzi zinaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini. Mjamzito anaweza kuula kama chakula. Magome na mizizi ya mbuyu ni habari nyingine, asiyaguse.

Mafuta ya ubuyu: ya kupaka, si ya kunywa

Hili tunalirudia kwa sauti kwa sababu linadhuru. Mafuta hutoka kwenye mbegu, wala si kwenye unga, na sifa za unga haziyahusu. Yakiwa ghafi, yamekamuliwa bila kupikwa, yana asidi za mafuta za aina mbili, malvaliki na stakuliki, ambazo huvuruga namna mwili unavyotengeneza na kutumia mafuta. Viwanda huzipunguza kwa joto kali na usafishaji, kazi isiyowezekana jikoni. Kwa hiyo kile kijiko asubuhi na kijiko jioni kinachonadiwa kwa presha, vidonda vya tumbo na mengine mengi, kiache.

Kwenye ngozi na nywele ni mafuta mazuri. Pima kwanza: tone moja ndani ya kiwiko, subiri saa 24. Kama hakuna muwasho, matone 3 au 4 kwenye ngozi yenye unyevu baada ya kuoga yanatosha kwa mikono na uso. Mafuta mazuri yana rangi ya dhahabu na harufu hafifu ya karanga. Yanayonuka kama rangi ya mafuta yamechacha. Usijaribu kuyakamua nyumbani, kwani mbegu ni ngumu, mafuta yake ni machache, na bila mashine ya kukamulia utaambulia jasho.

Mambo yanapoharibika

*Unga umeganda chupani.* Umeingia unyevu. Kama haunuki na hauna madoa, vunja mabonge, tandaza kivulini penye upepo, chekecha, rudisha kwenye chupa kavu na utumie ndani ya mwezi. Ukiona madoa ya kijani au ya kijivu, mwaga wote.

*Rangi imegeuka kahawia.* Joto, mwanga au umri. Unaliwa, lakini usiuhesabu kuwa chanzo cha vitamini C tena. Utumie kwenye uji.

*Mchungu, au una harufu ya mafuta ya zamani.* Mbegu zilipondwa. Hauponyeki.

*Una mchanga mdomoni.* Ama ni vumbi la ganda, hatua ya 2 ilirukwa, ama ni vipande vya mbegu na ganda. Chekecha tena kwa kitambaa cha pamba chepesi kilichofungwa juu ya beseni.

*Wadudu wadogo wa kahawia.* Mayai yalikuwemo tangu kwenye buyu lenye tundu. Unga wenye wadudu utupe. Kwa kujikinga, chupa mpya weka kwenye friza siku 4 kabla ya kabatini, na ukiitoa usiifungue hadi ipoteze ubaridi wote. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa ya chumba utageuka maji juu ya unga.

*Juisi inateleza na kuvuta kama mlenda.* Ni zile nyuzinyuzi zinazoyeyuka, si uharibifu. Punguza unga au ongeza maji.

*Juisi ina mapovu na inachoma ulimi.* Imechacha. Mwaga, osha chombo kwa maji ya moto.

*Tumbo limejaa gesi, au choo kimekuwa kigumu.* Umeanza na unga mwingi na maji machache. Pumzika siku mbili, rudi na kijiko kimoja cha chai na glasi mbili za maji.

*Ubuyu wa dukani ni mweupe mno na una utamu.* Huenda umechanganywa na unga mwingine au sukari. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na uache robo saa: ubuyu halisi hufanya mchanganyiko mzito usio angavu, wenye uchachu mkali. Kitu cheupe kikitulia chini kama wanga na maji kubaki mepesi juu yake, usirudi dukani hapo.

Ukitaka kuuza

Tanzania, vyakula viko chini ya TBS, shirika la viwango la nchi hiyo, tangu 2019. Kenya ni KEBS, shirika lake la viwango. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo wa Tanzania kwa mafunzo na mashine, anzia hapo. Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata 2009, hivyo soko la nje lipo, ila wanunuzi wake hupima unyevu, ukungu na bakteria kabla ya kuuliza bei. Kwenye lebo andika jina, uzito, tarehe ya kufungasha, tarehe ya mwisho wa matumizi na mahali ulipotoka. Usiandike kwamba unatibu ugonjwa wowote.